Mkipeleka Mgonjwa Mumbai, Msiiogope Treni

Ukisema tu unakwenda Mumbai na mgonjwa, kila aliyewahi kufika huko anakupa wosia uleule: treni usizisogelee. Atakuonyesha na video. Vijana wananing'inia mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, treni inakata upepo. Video zile ni za kweli, sizikanushi. Ila huyo anayekuusia, ukimbana vizuri, utakuta alikaa kule miezi akipanda teksi kila siku, akarudi nyumbani na madeni.

Mimi nilikwenda na shangazi yangu wa Tanga, dada mkubwa wa baba, kwa ile viza ya msindikizaji wa mgonjwa. Teksi zilianza kutafuna pesa ya chakula mapema sana, nikasema hapana, ngoja nikaitazame hiyo treni kwa macho yangu. Kazi yangu ni kukata tiketi za mabasi ya mikoani. Nilianzia Ubungo, tukahamishiwa Mbezi, na dirishani bado nipo. Nyomi hainitishi, Desemba za Moshi na Bukoba nimezipitisha nyingi. Nikikuta watu wamejaa mahali, ninachotafuta ni utaratibu wao umekaa wapi. Mumbai upo, na ni mkali, ila haujaandikwa ukutani. Wanaushika abiria wenyewe.

Kwanza ramani, maana bila ramani utazunguka. Mumbai imekaa kwenye rasi nyembamba. Ofisi, bandari, masoko makubwa na mahakama viko ncha ya kusini, watu wanalala kaskazini, na kati yao hakuna njia ya kuzunguka, kuna bahari. Kwa hiyo asubuhi mji mzima unateremka kusini, jioni unapanda kaskazini. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kwenda Posta anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Reli ni tatu kubwa. Western inatoka Churchgate, inafuata upande wa magharibi hadi Virar na kuendelea mpaka Dahanu Road. Central inatoka CSMT, lile jengo la mawe lenye kuba na minara ambalo wazee bado wanaliita VT, inapita Dadar, Kurla, Thane na Kalyan, kisha inagawanyika, mkono mmoja unakwenda Kasara na mwingine Khopoli. Ya tatu ni Harbour. Nayo inaanzia CSMT, ila inapita nyuma ya bandari, inavuka hori ya Thane na kuishia Panvel, ng'ambo, kwenye mji mpya wanaouita Navi Mumbai. Kwa jumla zinakwenda safari zaidi ya 3,000 kwa siku, na abiria ni takriban milioni 7. Sensa yetu ya 2022 iliihesabu Dar es Salaam nzima ikapata milioni 5.4. Fanya hesabu mwenyewe.

Kwa sisi wa wagonjwa, vituo vinavyohusu ni vichache. Hospitali ya Tata Memorial, ambako wengi wenye saratani ndiko wanakoelekea, iko Parel, na Parel ni kituo cha Central. Hospitali hiyohiyo ina kituo kingine Kharghar, huko ng'ambo, kwenye reli ya Harbour. Ukiambiwa leo njoo Parel, keshokutwa nenda Kharghar, umeshapewa safari ya kuvuka mji na bahari. Kwa teksi ni mamia ya rupia na foleni juu. Kwa treni, daraja la pili, haifiki rupia 30.

Nauli ndiyo iliyonimaliza kabisa. Ya chini kabisa ni rupia 5. Hiyo ni kama mia na hamsini ya kwetu, pesa ambayo konda wa daladala ukimpa atakuuliza umeiokota wapi. Tiketi unakata dirishani, au kwenye simu, au kwenye mashine. Pembeni ya mashine husimama wazee wastaafu wa reli wenyewe, wana kadi zao, unawatajia kituo wanakubonyezea, unawapa pesa. Yule wa Parel, alivyotuzoea, akimwona shangazi anabonyeza kabla sijafungua mdomo. Geti hakuna. Unaingia jukwaani kama unavyoingia sokoni, hakuna anayekuuliza. Lakini wakaguzi wapo, wanatokea popote, na ukikutwa huna tiketi ni rupia 250 na nauli juu yake. Nilivutiwa na hilo kikazi. Kuwakagua watu milioni saba mmoja mmoja mlangoni haiwezekani, foleni ingefika Pune.

Sasa treni yenyewe. Ni ya umeme, haina kichwa cha kuvuta. Mota zimegawanywa chini ya baadhi ya mabehewa, ndiyo maana ikiondoka inaondoka kweli. Kituoni inasimama sekunde ishirini, thelathini, haisubiri mtu. Nyingi zina mabehewa 12, nyingine 15. Na mabehewa ni mapana! Nilipanda mara ya kwanza nikadhani nimeingia ukumbini. Reli zao zimeachana milimita 1,676, wakati reli yetu ya zamani ni mita moja tu na hii ya SGR ni 1,435. Behewa lao lina mita 3.66 kutoka ukuta hadi ukuta. Kati kuna viti vya kutazamana, watu watatu huku na watatu kule, feni juu, vyuma dirishani, na vishikio vinavyoning'inia darini vinagongana treni ikikata kona. Milango ipo ila inabaki wazi mwaka mzima. Hapo ndipo penye uzuri na ubaya wake, nitafika.

Nyie mliosafiri na SGR kwenda Dodoma mkashangaa umeme, hawa umeme wanao tangu tarehe 3 Februari 1925. Ile ya kwanza ilitoka VT ikaenda Kurla kwa njia ya Harbour, yaani njia ileile tuliyokuwa tukipita na shangazi. Na ile ya moshi ilianza tarehe 16 Aprili 1853, kutoka Bori Bunder, stesheni iliyokuwa pale kabla ya VT, hadi Thane, kilomita 34. Reli ya Mombasa kwenda Uganda, ambayo ilianza kujengwa 1896, ililetewa vibarua kutoka India wapatao 32,000, na hata upana wa mita moja ulifuata reli nyingine za India zilizokuwa za upana huo. Kwa hiyo tukiwa pale jukwaani tusijione wageni sana. Tuna undugu wa reli.

Jukwaani kuna ubao wa taa. Usipande kitu kabla hujausoma. Unakupa kituo cha mwisho, saa, idadi ya mabehewa, na herufi F au S. S inasimama kila kituo. F inaruka. Parel, kwa mfano, F za Central haziisimamii. Ukipanda F ukitegemea kushuka Parel utaiona Parel ikipita dirishani nawe unaipungia mkono. Yako ni S siku zote. Harbour haina shida hiyo, zote ni za polepole.

Halafu jua unasimama wapi. Behewa la wanawake lina alama yake, picha ya mwanamke aliyejitanda ushungi, na pale jukwaani nguzo na mabango yanaonyesha litakaposimama. Daraja la kwanza lina mistari ya mshazari. Daraja hilo nauli ni mara kadhaa zaidi na kinachoongezeka ni mto wa kiti tu; saa za watu wengi linajaa vilevile, mkandamizwe na watu waliovaa tai. Zipo pia treni za kiyoyozi, milango inajifunga, zilianza Krismasi ya 2017. Ukiibahatisha inayokwenda kwako, lipa, panda na mgonjwa wako. Ila ni chache.

Wanawake wenzangu, mkiwa wenyewe pandeni la wanawake. Nimejifunza mengi mle kuliko kwenye semina yoyote ya huduma kwa wateja. Kiti ni cha watatu, lakini kwa sheria ya mle ndani ni cha watu wanne. Wa nne anakuja, anasimama, anakutazama. Hamsemeshani. Watatu mnasogea, naye anakaa na nusu ya kalio, nusu nyingine iko hewani njiani, na haki yake ni hiyohiyo nusu, haombi zaidi. Wa kwanza akishuka, kila mmoja anasogea ndani, wa nne anakuwa wa tatu kamili.

Na siti hairithiwi kwa mabavu. Ukiingia unauliza waliokaa: unashuka wapi? Anakujibu Kurla. Unauliza wa pili, Ghatkopar. Ukishapata wa kituo cha karibu, siti yake imekuwa yako tangu sasa, hata kama yeye bado ameikalia. Aliyesimama karibu nayo kuliko wewe akitaka kuikalia, wanawake watano watamwambia hapana, ya huyu. Siku moja jioni nilitoka Masjid, nimekwenda kununua vitambaa vya watu, mfuko uko kichwani, nimebanwa kila upande. Binti mmoja kaniuliza nashuka wapi nikamwambia Parel, akakunja uso, maana mimi nilikuwa nimesimama, sina siti ya kumwachia. Ila hakuniacha. Treni ilipotoka Byculla akanigusa bega, akaniashiria nianze kwenda mlangoni. Vituo vitatu kabla! Nikaona ananiharakisha bure. Kumbe mlangoni kulikuwa na foleni ya wanaoshuka Parel, wamejipanga mbele, nyuma yao wanaoshuka Dadar, na atakayesimama mahali pasipo pake anapitilizwa. Chinchpokli, Currey Road, kila kituo foleni inasogea hatua moja. Parel sikushuka kwa miguu yangu. Nilishushwa. Nikajikuta jukwaani na mfuko wangu na ndala zote mbili.

Kushoto kwangu muda huo wote alikuwepo mama amekaa, amefungua gazeti mapajani, anakata bamia. Anakata ncha, anatupa kwenye mfuko mmoja, bamia kwenye mwingine, treni inatikisika na kisu hakimkosei. Akifika nyumbani ni kubandika tu. Muuza hereni naye anapita katikati ya watu ambao mimi ningeapa hakuna katikati, na ubao wake mzima wa hereni na vibanio, na anauza. Wataalamu wao wanasema saa zile wanasimama watu 14 hadi 16 kwenye mita moja ya mraba. Naamini. Nilikuwa mmoja wao, na jirani yangu alikuwa anakula chungwa.

Hayo ni ya mtu mzima wa afya. Mgonjwa hapandi huko, na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu aliyekukataza treni hili hakukuambia. Kila treni ina vyumba vya watu wenye ulemavu, na wagonjwa wa saratani wanaruhusiwa mle, na wajawazito pia. Beba karatasi ya hospitali, isikutoke mkononi. Kitakaposimama chumba hicho pamewekwa alama ya kiti cha magurudumu, na kwenye majukwaa mengi pana kidude kinalia pi-pi-pi ili asiyeona apafuate kwa masikio. Shangazi alikipenda kidude kile. Tukipanda ngazi kuingia stesheni anauliza, "Mbona hakilii?" Nikamwambia shangazi bado hatujafika jukwaani.

Ndani ni chumba kidogo, viti vichache, na wenyeji wake wanafahamiana. Kuna kijana wa magongo anayefanya kazi Vashi, kuna mama mwenye mtoto aliyenyolewa na dawa, kuna mzee asiyeona mwenye fimbo nyeupe ya kukunja. Mzee yule ndiye spika wa bunge. Treni ikiondoka anauliza nani wapya. Akaniuliza kwa Kiingereza tunatoka nchi gani. Tanzania. "Ah, Nyerere," akasema, akatingisha kichwa kwa heshima, kisha akamwonyesha shangazi akae karibu naye, kwa kukipigapiga kiti. Vituo alikuwa anavitaja yeye kabla ya kile kipaza sauti kinachovitaja kwa Kimarathi, Kihindi na Kiingereza. Sijui ni kona, sijui ni harufu. Shangazi Kiingereza hajui, Kihindi anajua cha sinema, na waliongea wawili wale hadi Kharghar, kila mtu na lugha yake.

Kituo cha Wadala akaingia kijana na begi mgongoni, miguu miwili, simu sikioni. Mzee hakumwona lakini alimsikia. Kishindo cha mtu mzima anaporuka mlangoni si sawa na cha mlemavu anapopanda. Fimbo ikagonga sakafu. Pasi? Kijana akajitetea kwamba anashuka kituo cha mbele tu. Chumba kizima kikaanza. Shangazi naye, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza dawa za mzunguko wa pili na sauti ilikuwa haitoki vizuri, akatoa sauti: "Wee kijana, mzima kama ng'ombe, huoni haya kukaa na wagonjwa?" Kiswahili kitupu cha Tanga. Kijana akashuka GTB Nagar kama alivyoambiwa na wote, akakimbilia chumba cha jirani. Polisi wa reli huwa wanavikagua vyumba hivi na kuwatoza faini wasiohusika, ila siku nyingi polisi ni abiria wenyewe.

Sasa njia. Ukiuliza watakwambia panda Parel, shuka Kurla, badili kwenda Harbour. Ni sahihi kwa mwenye nguvu. Kubadili Kurla ni kupanda ngazi, kuvuka daraja la juu pamoja na watu wote wa Maharashtra, na kushuka ngazi nyingine. Shangazi alifika katikati ya daraja akashika chuma, akasimama, watu wanatupita pembeni kama maji yanavyopita nguzo. Tulipumzika palepale. Jioni nikakaa na ramani ya simu, nikagundua kuwa Harbour inapita Sewri, na Sewri ni teksi ya muda mfupi tu kutoka hospitalini. Kuanzia hapo tukawa tunatoka Parel kwa teksi hadi Sewri, na Sewri tunapanda treni moja mpaka Kharghar, hakuna kubadili. Gharama imeongezeka kidogo, ngazi za Kurla zimeondoka zote. Faida nyingine: asubuhi unakwenda kinyume na mji. Wao wanateremka kwenda CSMT, nyie mnatoka. Haitakuwa tupu, maana Navi Mumbai nako kuna ofisi, lakini mtapumua.

Na ni safari nzuri, nisiwafiche. Baada ya Mankhurd nyumba zinaisha ghafla, unaingia kwenye daraja refu, hori imetanda pande zote mbili, mikoko mpaka mwisho wa macho. Shangazi aliinuka akashika dirisha. Akasema hii Tongoni ya kwetu Tanga kabisa. Kabla ya mvua heroe bado wapo kwenye matope ya huko, wekundu wekundu kwa mbali; mvua zikikaribia wanaondoka. Ukishavuka unafika Vashi, na vituo vya upande ule vimejengwa baadaye, vikubwa, vina kumbi pana. Ukitoka Reay Road na Cotton Green, vituo vya kizamani vya chuma na maghala, ukaingia Vashi na maghorofa yake juu ya stesheni, unaweza kudhani umevuka mpaka.

Nilisema nitafika kwenye milango. Katika miaka ya kawaida zaidi ya watu 2,000 hufa kwenye reli hizi kila mwaka. Wengi ni wanaokatiza relini kwa miguu kwa kukwepa daraja, wengine ni wanaoanguka kutoka mlangoni. Tarehe 9 Juni 2025, karibu na Mumbra, mbele kidogo ya Thane, treni mbili zilipishana kwenye kona zote zimejaa watu mpaka nje. Watu wakaanguka, wasiopungua wanne wakafa. Baada ya hapo serikali ilitangaza kwamba treni mpya, hata zisizo na kiyoyozi, zitakuwa na milango ya kujifunga. Itafaa. Ila mimi kama mtu wa usafiri najiuliza: waliokuwa wakining'inia watakaa wapi? Mlango ukifunga hauongezi siti. Unamwacha mtu jukwaani, na jukwaa nalo lina mwisho. Mnakumbuka treni ya Mwakyembe ilivyoanza Oktoba 2012, Stesheni kwenda Ubungo Maziwa? Nilikuwa naishi Tabata wakati huo, niliipanda siku za mwanzo, tulikuwa tunaona muujiza. Lakini ilikuwa inakwenda asubuhi na jioni tu. Kule Mumbai inayokuja nyuma iko dakika chache, kuanzia alfajiri hadi baada ya saa sita usiku, na bado wananing'inia. Kwa hiyo anayedhani Dar tukinunua treni tatu foleni zitaisha, aje aniulize dirishani.

Kwako wewe mwenye mgonjwa, mlangoni usisimame, basi. Na usipande kuelekea mjini kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi, wala kutoka mjini kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 3 usiku. Daktari akikupa miadi ya saa 3 asubuhi Parel na mmelala upande wa Thane au Navi Mumbai, siku hiyo toa pesa ya teksi bila kunung'unika. Sisi tulipanga gesti Parel kwa sababu hiyo. Ghali kidogo, lakini ya asubuhi tunakwenda kwa miguu.

Jumapili angalia matangazo kwanza. Siku hiyo wanafanya matengenezo, wanaita mega block, na mara nyingi ni Harbour inayofungwa saa za mchana. Mvua ndiyo shida nyingine, kuanzia Juni. Eneo la Sion, Kurla na Chunabhatti liko chini, maji yakipanda reli zinazama na treni inasimama hapohapo ilipo. Ilitukuta. Wenye miguu walivua viatu, wakashuka wakatembea relini. Sisi tulibaki. Mama mmoja alifungua pakiti ya Parle-G akaigawa chumba kizima, biskuti mojamoja, na alipofika kwa shangazi akampa mbili. Shangazi akataka kulipa kwa kanga aliyojitanda. Nikamwambia shangazi hapana, utarudi Tanga na nini.

Gesti tuliwaacha wengi wa kwetu, na mmoja, dada wa Mbeya aliyekuja na mume wake, aliniomba nimwandikie yote haya kabla sijaondoka. Nikamwandikia nyuma ya karatasi ya duka la dawa. Teksi hadi Sewri. Harbour, ubao useme Panvel, wala usikubali ya Goregaon, hiyo inakwenda upande mwingine, hata ikija tupu. Chumba cha pi-pi-pi. Karatasi ya hospitali mkononi, maji ya kunywa, sweta ya mgonjwa kwa ajili ya upepo wa dirishani. Baada ya Belapur anza kumsimamisha. Akaisoma yote, akaigeuza, akaniuliza kama ndani kuna choo.

Hakuna. Treni zile hazina choo hata kimoja, na kutoka Sewri mpaka Kharghar ni safari. Mgonjwa wako ajisaidie kabla hamjatoka gesti, hata akisema hana haja.